Senyenge ya Kiboko

Nakivale, 9 Februari 2025

Mwanangu Munezero, huko Mbarara,

Amani ya Bwana ikukute ungali muzima. Sisi huku tunapumua, na mutu anayepumua hana ruhusa ya kulalamika kabla ya mustari wa tatu wa barua. Mama yako mudogo Mukamana anakusalimia sana. Maharagi imeota, muhogo imekataa. Mutoto wetu Ntwari ameenda Kampala kutafuta kazi, ametuachia mutoto wake Uwamariya, na simu ya nyumba ameenda nayo. Njo maana nakuandikia. Usinihurumie. Nilikuwa katibu wa kanisa miaka makumi mbili kule kwetu mulimani, Minembwe, kalamu hainitishi. Tena kwa simu mutu anadanganya mbio mbio. Kwa barua angalau anachagua uongo muzuri. Nicodème, ule anayepeleka maharagi yetu kwenye soko la Mbarara, njo atakuletea karatasi hii.

Sasa, ile proje yenu ya kulinda bahari. Walituita pale Base Camp, kwenye maofisi ya kambi hii ya bakimbizi, siku tatu. Siku mbili nzima tulifundishwa kasa, kobe wa baharini, namna anavyotaga mayai kwenye muchanga na namna taa za hoteli zinavyomupoteza njia. Mwalimu akauliza nani kati yetu ameshamuona kasa kwa macho. Batu bakaangalia chini kama kwenye maziko. Mie nikainua mukono, sababu chai ilikuwa haijaletwa na niliona kijana wa batu anavunjika moyo. Basi wakanichagua. Leo unaandikiana na mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi wa Bahari, Nakivale. Mie Munyakazi, mutoto wa mulima, mutu wa ng'ombe, hata kuogelea sijui!

Neno lenyewe ni hili, mwanangu. Kiboko.

Bomba la kijiji limekauka toka Noeli. Bamama bote banateka maji ziwani, fasi ile chini ya nyumba yetu. Na hapo kuko dume moja, sikio lake la kushoto limepasuka. Mwezi jana alimukanyaga mwanamuke mumoja Murundi wa kijiji cha pili. Tulimuzika siku ya posho, batoto wake bane wamesimama kwa mustari. Jirani yetu Perpétue alimuponyoka kwa neema, ndoo yake ikabaki chapati. Sisi hatuombi kasa. Tunaomba miti minene na senyenge, izunguke kipande kidogo cha maji, bamama bateke ndani, yeye abaki inje. Wewe uko mule ofisini, unatafsiri vitabu vyao. Huwezi kuwaambia?

Baba yako mudogo,
Munyakazi


Mbarara, Nyamityobora, 2 Machi 2025

Baba mudogo mpendwa,

Shikamoo, na mama mudogo nampigia magoti. Barua yako imenifikia juzi tu. Nicodème aliisahau ndani ya gunia, na gunia akaliuza. Mwenye kununua ndiye aliyeirudisha, na amenisalimia kwa jina, kwa hiyo ujue ameisoma. Mimi ni mzima. Chumba changu kinavuja kidogo upande wa miguu, si upande wa kichwa, namshukuru Mungu kwa mpangilio huo. Pokea kitenge cha mama mudogo. Nilikiona sokoni nikasikia sauti yake.

Nilicheka juu ya kasa mpaka nikaona haya, kwa sababu kitabu kile nilikitafsiri mimi. Kiliandikwa kwa watu wa pwani. Hapa ofisini kuna ramani ukutani yenye mshale: mto Rwizi unaingia kwenye maziwa yenu, maziwa yanaingia Viktoria, Viktoria linaingia Naili, Naili inaingia baharini. Eti mfuko wa plastiki ukitupwa hapa Nyamityobora, siku moja utamnyonga kasa. Mimi mifuko hiyo naiona imekwama chini ya daraja la Nyamitanga toka nilipofika, na haina haraka ya kwenda popote.

Kuhusu kiboko, nilimwendea mkubwa wetu, Madam Ancilla. Unajua Kiswahili chake cha kambi za jeshi, alichokulia kwa baba yake mwanajeshi. Akaniambia: "Munezero, hii pesa iko ya bahari. Kiboko iko mambo ya watu wa wanyama. Sisi hapana ingia." Nikarudi kwenye kiti changu nimenuna.

Halafu nikaona kwenye fomu ya mwaka huu kuna sehemu ya wanyama wa majini walio hatarini. Ilikuwa tupu. Nikaandika: "Mamalia mkubwa wa majini, adimu katika ziwa hili, mwenye migongano na jamii. Inapendekezwa ijengwe senyenge." Si uongo, baba mudogo. Ni mkubwa, anakaa majini, na mama yake alimnyonyesha. Madam Ancilla akasoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Sasa hapo umeandika. Hapo pesa iko napita."

Mniombee.

Mwana wenu,
Munezero


Nakivale, 30 Machi 2025

Mwanangu Munezero,

Tunakusalimia kwa furaha. Uwamariya alipata homa, akapona. Kitenge kimefika, na mama yako mudogo alikivaa siku ya yenga kanisani, akaimba kwa sauti ya mutu aliye na kitenge kipya. Jirani zake wawili hawakumusalimia mpaka siku ya tatu.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati. Tulicheka machozi. Kumbe ule muuaji ni mamalia adimu! Muzee mumoja akasema yeye pia ni adimu, amebaki na meno mane, nani atamuandika?

Toka hapo tumejengwa uwezo mara tatu. Nimejengwa mpaka mugongo unauma, sababu ya vile viti vya plastiki. Tumejua mikoko, tumejua matumbawe, tumejua meli kubwa zisimwage mafuta. Niliahidi kwa niaba ya kijiji kwamba hatutamwaga. Walitupa mashati yenye picha ya kasa, ile yangu ni ya mutoto, lakini naivaa, mwenyekiti hawezi kutembea bila kasa.

Mama yako mudogo amesema nikuandikie neno moja, na amesimama hapa anangoja nilimalize: "Usituandikie kitu chenye hatutaweza kubeba." Mie nikamwambia, we mwanamuke, mwana anatutafutia senyenge. Akasema, "Nimesikia," na akachukua ndoo akaenda kuteka.

Munyakazi, mwenyekiti


Mbarara, 27 Aprili 2025

Baba mudogo,

Shikamoo. Nawasalimia wote, na Uwamariya mwambieni mimi shangazi yake namletea daftari. Nina habari kubwa, naomba usome ukiwa umekaa.

Ile sehemu niliyoijaza imewapendeza wenye pesa kuliko mengine yote. Habari za kasa wanazisikia kila siku, lakini za kiboko wa kwenye kambi ya wakimbizi hawajawahi kusikia. Wanakuja wenyewe tarehe 12 Juni, mama mmoja, mkubwa wao, kutoka ng'ambo na wenzake, waone kwa macho. Wakiridhika, senyenge inajengwa. Nami mkataba wangu unaisha Septemba, na Madam Ancilla amesema utaongezwa au hautaongezwa siku hiyohiyo ya wageni.

Basi nakuomba, na naomba kwa heshima. Wageni hawapendi malalamiko. Mkisema kiboko ni mwovu, auawe, watasema hii si kazi yetu na watapanda magari. Msimtukane mnyama. Mseme ni wa thamani, mseme mnaishi naye. Wakishafurahi, ndipo muombe senyenge. Wewe una ulimi, baba mudogo. Kule mlimani, baba alikuwa akisema hakuna aliyesifu ng'ombe kama wewe, kwamba hata ng'ombe mgonjwa alisimama.

Munezero


Nakivale, 25 Mei 2025

Mwanangu,

Salamu. Barua imefika. Tumeelewa.

Mvua ni nyingi. Maharagi tulivuna, si sana. Nimejifunza kupika bugali, inatoka na mabonge, Uwamariya anakula bila kusema kitu, mutoto wa adabu. Ukipata nafasi umupe Nicodème dawa ya maumivu, ile yenye nguvu, kwa ajili ya mifupa yangu. Mingi kidogo.

Mama yako mudogo yuko.

Usiwe na wasiwasi juu ya tarehe 12. Nitasema vile ulivyoomba.

Munyakazi


Mbarara, 8 Juni 2025

Baba mudogo,

Shikamoo. Dawa nimempa Nicodème, na nimemwapisha asiuze gunia. Lakini barua yako imenikaa vibaya. Toka lini unapika bugali? Na mama mudogo "yuko", yuko namna gani? Hajawahi kuninyima salamu hata siku moja, hata mwaka ule tulipokuwa tumegombana. Amekasirika kwa sababu ya maneno yangu ya fomu? Mwambie aniambie.

Nilitaka kuja na wageni nimwone. Madam Ancilla amekataa. Mimi nabaki hapa kupanga ukumbi wa mkutano wa kufunga ziara: majina ya mezani, maji ya chupa, bendera. Mkalimani ni kijana Emery, kutoka Kampala. Ni mwema, ila huwa analia upesi.

Nijibu upesi kuhusu mama mudogo.

Munezero


Nakivale, 29 Juni 2025

Mwanangu Munezero,

Amani iwe kwako. Mama yako mudogo anakusalimia, hajakasirika na wewe. Amepumuzika kidogo kazi za nyumba.

Sasa sikia habari ya wageni. Magari matano yalikuja, na gari la sita la kuvuta yale matano, sababu ya matope. Walifika saa nane. Mama mukubwa ana nywele nyeupe na viatu vya mvua vya rangi ya ndizi, mutu wa upole kwa kweli, alimusalimia kila mutu kwa mukono, hata mukono wenye udongo. Wakasimama kwenye mwinuko pembeni ya nyumba yetu, wakaangalia ziwa. Na ule mukora, Munezero, kama aliyealikwa, akatoka majini mpaka mabegani, akapiga mwayo! Bageni bote wakasema "aah".

Emery akaniambia, muzee, mama anauliza munaishije na munyama huyu.

Nikasimama. Nilikuwa nimejipanga kusema maneno mawili matatu ya adabu. Lakini nilipofungua kinywa, kitu kilinikamata. Toka tulipoacha ng'ombe zetu kule mulimani, miaka kumi na moja, sijasimama mbele ya munyama nikamusifu. Ng'ombe gani? Hapa nina kuku wawili. Basi nikasimama kwa muguu mumoja, fimbo begani, kama zamani kwenye ndoa:

"Wewe Shingo-isiyofungwa-kamba,
mweusi uliyeoshwa na alfajiri,
unapokanyaga, maji yanaomba njia.
Simba alikuja kukuuliza jina akasahau lake.
Muchungaji wako ni nani, nimupelekee maziwa?"

Na mengine mingi, siwezi kuandika yote. Bazee wetu wakaanza kuitikia. Perpétue aliniangalia kama mutu aliyelewa. Emery alitafsiri mpaka fasi ya maziwa, halafu machozi ikamushinda. Mama mukubwa naye akatoa kitambaa.

Nikakaa. Senyenge sikuitaja.

Usishituke. Umekulia barabarani, tukikimbia vita, lakini damu yako inajua. Mutu akishamusifu ng'ombe mbele ya mwenye mali, hafungui tena kinywa kuomba. Ukiomba umeharibu sifa, umekuwa mwimbaji wa kulipwa. Unakaa, unanyamaza, mwenye mali anaelewa, kesho yake unaona ndama mulangoni. Kwetu hakuna mwenye mali aliyesifiwa ng'ombe zake hivyo akarudi nyumbani amefunga mikono. Ule mama alinishika mikono yote miwili. Ameelewa.

Munyakazi


Mbarara, 20 Julai 2025

Baba mudogo, baba mudogo!

Senyenge imepita!

Nisamehe, nimeanza bila salamu. Shikamoo, na mama mudogo shikamoo mara mbili. Kwenye ukumbi yule mama alisimama akasema amefanya kazi hii miaka thelathini, pwani za nchi nyingi, na hajawahi kuona watu maskini wakimpenda mnyama kiasi kile. Akasema wimbo wako umembadilisha. Pesa zote za mwaka zilizobaki zinakwenda Nakivale, kwa kiboko. Watu wakapiga makofi, Madam Ancilla akanisimamisha mimi, wakanipigia mimi pia. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja.

Alisema "kumlinda". Nilisikia neno hilo, nikataka kuuliza ni kumlinda nani dhidi ya nani. Lakini walikuwa wananipigia makofi, baba mudogo, na mimi sijapigiwa makofi toka nimalize shule ya msingi. Sikuuliza. Nimeona si vizuri kuuliza wakati watu wamefurahi.

Sasa nina kazi nyingi. Wananiletea orodha ndefu za maneno ya kutafsiri, za vitabu, za mashati, za vibao, za kila mahali mradi ulipo. Natafsiri mpaka macho yanawaka.

Mama mudogo hajaniandikia neno bado. Mwambie nimemkumbuka, na ile dawa kama imeisha nitaleta.

Munezero


Nakivale, 31 Agosti 2025

Mwanangu Munezero,

Salamu zetu. Tunaendelea.

Senyenge imekuja. Ilikuja na gari mbili za miti na mafundi kumi na sita, na kazi ni nzuri, siwezi kusema uongo. Miti imepakwa dawa ya muchwa. Nyaya ni za mistari saba, ya juu ina miiba. Tulisimama tunaimba. Bamama walipika sombe, majani ya muhogo, wakawapelekea mafundi.

Siku ya pili nikamuuliza fundi mukubwa, mbona munajenga huku juu, kwenye inchi kavu, miti itaingia majini lini? Akafungua karatasi yake. Haingii majini. Inazunguka fasi yetu yote ya kuteka maji, toka kwenye mawe mpaka kwenye mafunjo. Kiboko iko ndani. Sisi tuko inje.

Munezero, nilicheka. Nilicheka peke yangu mbele ya fundi mpaka akaniuliza kama niko muzima. Ndama amefika mulangoni kweli, ila mulango si wangu. Nilimusifu kiboko mie mwenyewe, na senyenge nikamupatia mie mwenyewe.

Kuko mulinzi, kijana Munyankole, ana filimbi na viatu virefu. Mutu akikaribia na ndoo anapiga filimbi. "Nyinyi watu, toka hapo, munasumbua nyama ya wazungu." Si mutu mubaya, anaona haya, lakini anapiga. Na kuko kibao kikubwa, chuma, kwa Kiswahili kizuri sana: "Fasi hii ni nyumba ya kiboko. Binadamu, tafadhali usimsumbue. Maji ni uhai wake." Batu banasimama banasoma kwa sauti. Ni kibao cha kwanza hapa kwetu chenye kila mutu anaelewa.

Maji sasa tunateka ng'ambo ya mafunjo, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Kule kuko viboko wawili wengine, wale hawana cheo. Nateka mie, mwenyekiti. Nikiitwa kwenye mukutano wa kamati anakwenda Uwamariya. Ana miaka tisa. Anakwenda akiimba, ili wamusikie kwa mbali waondoke, na mie nakaa kwenye mukutano sisikii hata neno moja mpaka nimuone amerudi.

Utauliza kwa nini hateki mama yako mudogo. Umeuliza na kuuliza tena, na mie nimekujibu kama Farao, kwa moyo mugumu. Basi. Siku ya tarehe sita Mei, saa kumi na mbili asubuhi, ule kiboko mwenye sikio lililopasuka alimukuta majini. Alimurusha. Mufupa wa paja la kulia ulivunjika mara mbili. Pale kliniki wamefanya walivyoweza, muguu umeunga, lakini umeunga kwa namna yake. Anatembea kwa fimbo mbili, toka kitandani mpaka mulangoni. Dawa ile haikuwa ya mifupa yangu.

Sikukuambia sababu nilikujua. Ungeacha kazi usiku ule ukaja, ungefuta maneno yako kwenye fomu, na senyenge ingekufa. Nilisema, wacha kwanza senyenge ifike.

Na sasa nikuambie lenye linanikula. Siku ya bageni alikuwa amelala ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, hatua kumi toka fasi nilikosimama. Alisikia kila neno. Shingo-isiyofungwa-kamba, mweusi uliyeoshwa na alfajiri, yote. Mie muke wangu nimeishi naye miaka makumi tatu na mbili, sijawahi kumusifu hata mustari mumoja. Bageni walipoondoka niliingia. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akageukia ukuta.

Sijui nikuombe nini. Labda umuulize mutu wa ofisini kama senyenge inaweza kugeuzwa.

Munyakazi


Mbarara, 7 Septemba 2025

Baba mudogo,

Nimesoma barua yako nimekaa chini sakafuni. Sina salamu zaidi ya kulia. Mama mudogo, nisamehe. Nilikuwa napanga chupa za maji mezani, na wewe umelala nyuma ya ukuta.

Maneno ya kibao ni yangu. Nilipewa ndani ya orodha ya sentensi sabini, bila picha, bila kuambiwa ni za wapi. Hiyo ilikuwa ya kumi na mbili. Kwanza niliandika "mahali", nikafuta, nikaweka "fasi", ili kama itasomwa na watu wa kwetu wajisikie nyumbani. Nilijipongeza. Nilikunywa chai kwa furaha yake.

Nilimwendea Madam Ancilla na barua yako mkononi. Alisoma yote. Alifunga mlango, na nilimwona amehuzunika kweli. Halafu akasema: "Munezero, pole sana. Lakini senyenge haiwezi kugeuka. Imeshapigwa picha." Ripoti imekwenda. Nakivale imekuwa mfano, wanataka kuuiga kwenye maziwa mengine. Na wananipeleka mimi, mwezi wa kumi, kwenye mkutano mkubwa kando ya bahari, nikawasimulie jinsi jamii yenu ilivyoamua kumpa kiboko maji yake. Hotuba nimeshaandikiwa. Nimepewa dakika kumi.

Sitaki kwenda. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko hapa mezani. Nataka kuja huko nibebe hizo ndoo mwenyewe, lakini naona haya kumtazama mama mudogo machoni. Niambieni nifanye nini.

Munezero


Nakivale, 14 Septemba 2025

Munezero,

Leo kalamu iko kwangu, mie Mukamana. Baba yako mudogo amekaa hapa anachungulia, anasema nianze na amani ya Bwana. Basi, amani ya Bwana. Mwandiko wangu ni mubaya, mara ya mwisho niliandika nikijaza karatasi za kuingia Uganda.

Usilie sana. Ya kibao tulijua. Nani mwingine kule ofisini anasema fasi? Baba yako mudogo alijua siku ile ile, akanikataza nisikuambie, mie nikamukataza asikuambie, tukawa tunakatazana hivyo mwezi muzima. Hasira nilikuwa nayo, sikufichi. Kwako ilikuwa ndogo. Kwake ilikuwa kubwa, mpaka juzi jioni alipokuja kusimama kwa muguu mumoja pembeni ya kitanda changu, mutu wa miaka sitini na saba, akaanza kunisifu. Alianza vibaya, alisema nina kwato nzuri. Nimecheka mpaka muguu uliuma. Hayo ni yetu, usiyaweke kwenye ripoti.

Ile barua ya kuacha kazi uipasue. Ukija kubeba ndoo utabeba mbili. Nani atabaki kule ndani anayejua kutuandika? Enda kwenye mukutano wao wa bahari. Ile hotuba waliyokuandikia uiache kwenye kiti. Simama na uandike upya, kama ulivyofanya kwenye ile fomu, maana nimeona batu wale hawasomi kilio, wanasoma fomu.

Kiboko hana kosa. Yeye mulimuandika, akapata senyenge, mulinzi na kibao. Na mie uniandike. Andika jina yangu yote, Mukamana, muke wa Munyakazi, anakunywa maji ya ziwa lile lile. Chini yangu uandike Uwamariya. Halafu uwaulize wanatupatia nini.

Mama yako mudogo